Nyayo za Mwanamkuu

Asubuhi aliyosafiri Mwanamkuu, dada yake Siti alichukua ufagio wa chelewa akautupa juu ya paa la jiko, asije mtu akajisahau. Msafiri akitoka, uwanja haufagiliwi mpaka apige simu kuwa amefika. Ukifagia kabla, umemfagilia mbali. Hilo Kibiti nzima inalijua, na hata wale wanaojifanya hawaamini siku hiyo hawagusi ufagio.

Bajaji ilikuja mapema kumpeleka stendi. Mwanamkuu alikuwa na begi jipya la magurudumu, lakini magurudumu yalizama mchangani, ikabidi alitwike kichwani. Alikwisha kuwaaga wanawe wawili, Muzdalifa wa miaka minane na Twalibu aliyekuwa bado analishwa. Akalitua begi, akaenda jikoni, akaingia chumba cha watoto, akatoka kwenda bombani kunawa uso, akarudi tena chumbani. Akaizunguka njia hiyohiyo mpaka dereva akapiga honi. Ndipo akapanda, akaenda zake Kanada kwa mumewe Badru.

"Huko Kanada ni mbali kama wapi?" aliuliza Biasha, jirani, aliyekuja na kikombe chake mwenyewe maana vya Siti vilikwisha kwa wageni.

"Ukifika Dar ujue bado hujaondoka," Siti akamjibu.

Simu ikaja siku ya tatu. Kafika salama, kuna baridi, kalala. Siti akapanda juu ya ndoo, akaushusha ufagio, akafagia uwanja wote mpaka ukingo wa barabara ya Nyamisati.

Kesho yake alfajiri nyayo zilikuwa zimerudi. Zilitoka jikoni zikaingia chumba cha watoto, zikaenda bombani, zikarudi tena chumbani. Zilikuwa mbichi, mchanga wa kingoni haujamomonyoka. Siti akainama na tochi ya simu. Unyayo wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Mwanamkuu alikatwa na jembe utotoni, katika palizi ya mpunga, na tangu hapo kidole chake cha mwisho kilijikunja juu, hakikugusa chini tena.

"Kumbe umeamka," Siti alisema, akaenda kubandika maji ya chai.

Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, kama wanavyokuja kumtazama mzazi. Walikaa kwenye mkeka, wakala vitumbua, wakatoa maoni.

"Mwenzangu una bahati," Biasha alisema. "Mimi dada yangu yuko Ikwiriri tu hapo, hata unyayo haleti."

Mwalimu Nassibu wa madrasa aliulizwa kama inafaa kuzikanyaga. Akazifuata kwa macho mpaka bombani. "Hizi zinakwenda kutawadha," akasema. "Msizikatize." Basi watu wakawa wanazunguka kwa nyuma ya jiko, na uwanja upande ule haukufagiliwa tena.

Sasa mtu atauliza, kama mama anawapenda wanawe hivyo, mbona hakwenda nao? Hapo ndipo anapoingia Badru. Badru ni mtu wa Mahege, alikwenda Kanada kusoma, masomo yakamshinda, baridi haikumshinda, akabaki anapanga mizigo ghalani. Alipomwoa Mwanamkuu alijua fika ana watoto wawili wa mume wa kwanza. Aliwanunulia hata viatu. Lakini siku ya kujaza maombi ya kumchukua mke, pale panapouliza watoto, aliandika hakuna.

"Watatuchelewesha," alimwambia mkewe. "Tuingie kwanza, tutawaongeza baadaye."

Mwanamkuu akakubali. Akawahamishia watoto kwa dada yake, na alipoulizwa naye akasema hana.

Kisha, kabla ya safari, mtu wa ofisi ya uhamiaji ya Kanada alimpigia Siti simu kuhakikisha. Siti alikuwa mbele ya chuma cha vitumbua, mafuta yanachemka, na Muzdalifa yuko ubavuni ameshika bakuli la unga. Mtu yule alizungumza Kiswahili cha kistaarabu.

"Samahani mama, hapo nyumbani kuna watoto?"

"Wapo wawili."

"Ni watoto wa nani?"

Siti hakuwa na habari ya kilichoandikwa. Alichokijua ni kwamba mtoto yuko hapo na masikio yake. Mtoto wa mdogo wako, mgeni akiuliza ni wa nani, ukisema ni wa fulani, umekwisha kumwambia mtoto kwamba kwako si kwao. Mwanamke aliyelelewa vizuri hatamki neno hilo hata kwa mtutu wa bunduki.

"Wangu," Siti alisema. "Wote wawili wangu."

Mtu wa ofisi akashukuru kwa adabu, akaandika.

Mwaka wa kwanza theluji ilipoanguka, Badru alipiga simu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ila shemeji, natoka na mke wangu dukani, nikigeuka nyuma naona nyayo zangu peke yangu. Huku nyayo zinaonekana sana. Watu wananipa pole, wanadhani nimefiwa."

"Nyayo zake ziko huku."

"Zinafanya nini huko?"

"Zinalea."

Ilisikika mashine ikinguruma nyuma ya Badru. "Basi shemeji, zifanyieni mpango zije. Mke wangu ndiye niliyemwombea."

"Njoo uzichukue," Siti alisema. "Lakini uzichukue pamoja na hao wawili zinaowalea."

"Aa, shemeji, hayo mambo yana taratibu zake."

Mwanamkuu akachukua simu. Akauliza kama Twalibu anakula.

"Unaniuliza mimi?" Siti akasema. "Si unakuja kila siku?"

"Sijui naenda wapi, dada. Nikiamka miguu inaniuma kama niliyeshinda na ndoo."

Mwanamkuu alipopata ukaazi wake, waliomba watoto. Walisubiri msimu mzima wa korosho na mwanzo wa mwingine. Jibu lilipokuja halikuwa refu. Watoto ambao mama hakuwataja alipokuwa anaingia, hawawezi kuja kwa mlango wa mama. Isitoshe, dada wa mwombaji alithibitisha kwa kinywa chake kuwa ni wake yeye.

Biasha ndiye aliyetoa wazo la picha. Wakaja vijana wawili wa bodaboda wenye simu nzuri, wakazipiga nyayo picha, na rula pembeni ili vile vidole vinne vionekane. Zikatumwa. Ofisi ikajibu kwamba imezipokea, kwamba hakuna shaka nyayo ni za mwombaji, lakini hazithibitishi kuwa mwenyewe alikuwepo.

"Kwani si kweli?" alisema Mwalimu Nassibu. "Hakuwepo."

Jioni ile Muzdalifa alikuwa anachambua mchele. Alikuwa ameshaanza kurefuka, sketi ya shule imepanda.

"Mama mkubwa, uliwaambia sisi ni wako?"

"Niliwaambia."

"Kwani sisi si wako?"

"Ni wangu."

"Na mama je?"

"Na mama yako naye wangu. Nimemlea tangu anatambaa." Siti akapuliza pumba kwenye ungo. "Kumbe ndiyo maana hawakunielewa."

Mwaka wa mafuriko makubwa nyumba ilijaa. Ndugu wa bondeni walikuja na magodoro, na kuku, na bibi mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa upande gani. Akapewa mkeka na sahani, na hakuna aliyemwuliza ni wa nani. Miguu ilikuwa mingi uwanjani hata mchanga ukawa tope, lakini alfajiri, kabla wageni hawajaamka, njia ile ilikuwepo. Jikoni, chumbani, bombani, chumbani. Yule bibi, aliyeamka mapema kuliko wote, alisema mwenye nyayo hizo amechoka, maana anaburuta kisigino.

Maji yalipokwisha kupungua na wageni wakarudi mashambani kwao, Mwanamkuu alijifungua huko aliko. Mtoto wa kike, akaitwa Nasra. Siti alijua Nasra ameanza kutembea kabla hajapigiwa simu, kwa sababu uwanjani palitokea vinyayo vya duara kama alama za limau, hatua tatu na mahali pa kuanguka.

Twalibu alivitazama sana. "Huyu mbona anakuja kwetu, na sisi hatuendi kwao?"

"Mdogo wako huyo," Siti alisema. "Hajui mipaka."

Siku chache baadaye Twalibu alivifuta kwa kandambili, kimoja kimoja. Hakuna aliyemgombeza. Kesho yake vikaja tena, na nyayo za mama zilikuwa nyuma yake, zimeinama kwa uzito wa mbele, kama mtu aliyenyoosha mikono asimwache mtoto aanguke. Zilivifuata vidogo vile mpaka kwenye ua, zikageuka navyo, zikapotelea hapo. Chumbani kwa watoto siku hiyo hazikuingia.

Badru alipiga simu akiwa na furaha. Mkewe ameanza kuacha alama kwenye theluji. Kisigino tu, lakini ni mwanzo mzuri.

Siti akatoka nje kutazama. Kweli, zilizobaki mchangani hazikuwa na visigino. Zilikuwa vidole tu na nyama ya mbele ya mguu, kama mtu anayenyata asiwaamshe wenye nyumba. Miezi ikapita, vidole vikafifia. Ikawa zinakuja Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kisha ikawa hata Ijumaa hazina uhakika. Vidogo havikuja tena.

Twalibu alikuwa ameingia darasa la tatu. Kila asubuhi alitoka mlangoni, akatazama chini kabla ya kumwamkia mtu. Siku zisizo na nyayo alikwenda shule bila kula, na mwalimu wake akatuma salamu kwamba mtoto anasinzia.

"Mpeleke hospitali," Biasha alishauri.

"Nikaseme anaumwa nini? Mchanga?"

Kisha asubuhi moja zilikuwepo. Nzima, kisigino mpaka vidole, zimezama vizuri. Zilitoka jikoni zikaingia chumba cha watoto, zikaenda bombani, zikarudi. Twalibu alizitazama, akala vitumbua vinne, akaondoka akipiga mluzi. Biasha alichungulia juu ya ua.

"Hongera shoga! Mdogo wako karudi."

Siti aliinama. Unyayo wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Alipokuwa bado ameinama simu ikalia, na Badru akamwambia kwamba sasa mke wake amekamilika. Jana wametoka na mtoto kwenye theluji, na nyayo zake zilikuwa nzima, kisigino mpaka ncha ya buti.

"Alhamdulillahi," Siti alisema, akakata simu.

Bombani palikuwa na sauti ya ndoo inayojaa. Muzdalifa alikuwa amesimama pale amempa mgongo, na kwa kimo na kwa mabega ungesema ni mama yake. Alikuwa peku. Kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto alikifunga kwa kitambaa cha kanga, akakivuta juu na kukikaza kwenye kifundo, kisiguse chini. Kilikuwa kimevimba kidogo.

Siti alimtazama mpaka ndoo ikajaa.

"Kumbe umeamka," alisema.

"Nimeamka, mama mkubwa."

Siti akaenda kubandika maji ya chai.