Msumari wa Kwanza

Tulinunua nyumba tukahamia kabla hati haijabadilishwa jina, kwa hiyo kila mwezi tukawa tunamlipa muuzaji kodi. Mkataba ulitukataza kupigilia hata msumari. Mume wangu, seremala mzima, akaiegemeza ukutani rafu aliyoichonga, kama mgeni aliyenyimwa kiti.

"Pigilia bwana, nani ataona?" nilimfokea.

"Mke wangu, subira huvuta heri."

Heri gani! Miezi kumi na minne wakili anatuimbia njoo kesho.

Leo hati imetoka, ina majina yetu mawili. Nimechukua nyundo yake, nikapigilia msumari wa kwanza sebuleni. Rafu bado imeegemea palepale. Msumarini nimetundika picha yake, ile iliyobebwa mbele ya jeneza.