Kesho Yuko Benchi

Uvumi ulianzia kwenye zipu. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele ya kioo cha fundi cherehani, mikono juu, sketi mpya imemkwama kiunoni, ndipo aliposema bila kugeuka, "Wanasema watoto wanaoingia klabu ile ya raga hawakui."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alipozitoa akauliza, "Hawakui vipi?"

"Hawakui tu. Wanabaki walivyoingia. Hapa umebana sana, mama."

Fundi akaachia kidogo. Zipu ikapanda, mteja akaenda zake, uvumi ukabaki. Ulimng'ang'ania kama uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe: ukiutoa hapa, unauona pale. Mwanawe wa kwanza alikuwa klabu hiyohiyo, na suruali zake zote alizishona yeye. Kila suruali aliiachia kitambaa cha akiba kwenye pindo na kiunoni, maana mtoto wa kiume analala mfupi anaamka mrefu. Akiba ile haikuwahi kufunguliwa. Suruali zilichakaa magotini, zikawa matambara ya kufutia cherehani, na pindo bado limekunjwa.

Mwanawe aliingia klabu akiwa na miaka kumi na minane. Kocha alimtazama akiupiga mpira, ule wenye umbo la yai, ukapita katikati ya nguzo kila mara kama mtoto aliyetumwa dukani asiyejua kuzurura. Akamshika bega mbele za watu, akasema, "Huyu ndiye namba kumi wetu wa kesho." Tangu siku hiyo kijana akaitwa Kesho, na mama yake, aliyekuwa Fundi tu, akawa Mama Kesho.

Asiyejua raga aelezwe kwa ufupi. Namba kumi ndiye anayepokea mpira ukitoka kwenye msukumano wa wale wanene, na ndiye anayeamua upigwe, upasiwe au akimbie nao. Timu isiyo na namba kumi ni nyumba iliyopotelewa na mwenye funguo: watu wengi, wote mlangoni. Klabu ilikuwa na wanene wa nyumbani wa kutosha, na wenye mbio wa nyumbani wa kumwaga. Lakini namba kumi aliagizwa kutoka ng'ambo, yeye na namba tisa na yule anayesimama katikati ya mstari wa mbele, kana kwamba kichwa hakiwezi kuota kwenye shingo ya hapa.

Wa kwanza alikuja na mto wake wa kulalia. Wa pili alikuja na mpishi. Wa tatu alikuja na goti bovu alilolificha vizuri kuliko alivyowahi kuuficha mpira. Kila aliyekuja alipewa njumu mpya, na njumu mpya huuma. Kwa hiyo klabu ilikuwa na utaratibu wake: Kesho ndiye aliyezivaa kwanza. Alikimbia nazo kuzunguka uwanja mpaka ngozi ikalainika, kisha akazivua, zikapelekwa kwa mgeni zikiwa bado na joto la miguu yake. Malengelenge yalikuwa ya Kesho, picha magazetini zilikuwa za mgeni. Kocha aliita hilo kupata uzoefu.

Miaka ikaenda. Kwa Kesho haikupita. Mdogo wake, ambaye Kesho alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka shule, aliota ndevu, akaoa, akapata mtoto, akaota kitambi, na siku moja akajikuta anamwambia kaka yake, "Sikiliza, mdogo wangu." Akajirekebisha, lakini si sana. Mchumba wa Kesho alisubiri alivyoweza, kisha akaolewa na mtengeneza miwani. Binti yake alipokua, walikutana na Kesho kituoni.

"Mama, yule mvulana ananitazama."

"Mwache. Ananitazama mimi."

Kesho alipokwenda kubadilisha kitambulisho, karani alisoma tarehe ya kuzaliwa, akamtazama usoni, akasoma tena.

"Wewe ni wa klabu ya raga?"

"Ndiyo."

"Benchi?"

"Benchi."

"Haya, weka kidole gumba hapa."

Mama Kesho alimpeleka hospitali. Daktari akampima urefu, akamulika meno, akamgongagonga magoti. "Mzima kabisa," akasema. "Ninao wengine wawili kama yeye. Mmoja namba tisa, mwingine wa mstari wa mbele. Damu safi, mioyo safi."

"Na dawa yake?"

"Kucheza. Lakini hiyo hapa hatuna, mama. Anayefuata!"

Mama Kesho aliogopa jambo moja, nalo halikuwa kufungwa kwa timu. Yeye alikuwa anazeeka kwa kasi ya kawaida. Macho yalikuwa yameshamchoka, na Kesho ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano. Angekufa kama watu wanavyokufa, amwache duniani kijana wa miaka kumi na minane mwenye miaka arobaini na kitu, hana mke, hana hata unywele kidevuni, na mdogo wake ndiye angebebeshwa kazi ya kumlea. Alitaka kumwona mwanawe mtu mzima kabla hajafumba macho. Basi, hakutaka kingine.

Akamfuata kocha mazoezini, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Kocha, mwanangu atacheza lini?"

"Mama Kesho! Karibu sana. Kijana wako ni hazina."

"Hazina gani inakalishwa mpaka benchi linabadilishwa mbao mara mbili?"

"Bado mdogo, mama."

"Mdogo wake ana mvi."

"Ndiyo ninachosema. Yule kakomaa. Huyu bado."

"Atakomaaje bila kucheza?"

"Atachezaje bila kukomaa?" Kocha aliona amesema jambo zito, akamwita msaidizi wake alisikie naye. "Subira yavuta heri, mama yangu."

"Na ngojangoja yaumiza matumbo."

"Hilo nalo ni kweli," kocha akasema, akapuliza filimbi.

Kila mwaka klabu ilifanya mkutano mkuu. Mwenyekiti alisimama, akafuta jasho, akasema kwa uchungu, "Ndugu wanachama, tatizo letu ni moja. Hatuna namba kumi wa nyumbani." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kesho, ambaye ndiye aliyepanga viti, akatikisa chake pia. Kamati ikaundwa. Kamati ikasafiri ng'ambo kwenda kutazama wenzetu wanawakuzaje wao, ikarudi na kofia, picha na namba kumi mwingine.

Kisha ikaja fainali. Mgeni aliyepangwa kuanza alivuta msuli wa paja akiwa anafunga kamba za viatu. Mgeni wa akiba akaingia, akagongwa, akaamka akiongea lugha ambayo hata yeye hakuijua, akatolewa kwa machela. Kocha akageukia benchi. Macho yakamfikia Kesho, yakampita, yakatua kwa mbeba maji, yakafikiri.

"Kocha, mimi naumwa nyonga," mbeba maji akasema.

Ndipo Kesho akaitwa. Alikwenda kwenye machela, akafungua kamba za njumu miguuni mwa mgeni, akazivaa. Zilimkaa kama mbuzi aliyerudi zizini.

Mama Kesho alikuwa jukwaani, sindano imechomekwa kifuani mwa gauni. Mpira wa kwanza ulipomfikia mwanawe mikononi, akaota masharubu. Hakuna aliyeshangaa; mchezo ulikuwa unaendelea. Alipokumbana na beki wa kwanza, mabega yakapanuka, jezi ikachanika kwapani, na mama yake akaona kwamba aliyeishona alilipua kazi. Kila pasi ilimwongezea umri. Mtangazaji aliripoti kama kawaida: "Kesho huyo, anampita mmoja, anampita wa pili, sasa ana ndevu, anapiga mbele, mpira unatoka nje." Kuelekea mwisho wapinzani walikuwa wakiongoza kidogo, na klabu ikapewa penalti. Kesho aliuweka mpira, akarudi nyuma, akapangusa paji la uso ambalo lilikuwa limeshapanda hadi utosini. Mvi zilikuwa zimekaa pembeni mwa masikio. Akapiga. Mpira ukaenda ulikotumwa.

Uwanja mzima ukasimama. Mama Kesho hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mikunjo pembeni mwa macho ya mwanawe, ileile ya marehemu baba yake, na pumzi iliyokwama tangu siku ya zipu ikamshuka.

Baada ya mechi suruali ya Kesho haikufungika. Mama mtu alipiga magoti kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, akakata nyuzi kwa meno, akaachia kiuno, akateremsha pindo. Kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani bado kilikuwa na rangi ya dukani.

"Mama, mgongo unaniuma," Kesho akasema. Sauti ilikuwa nzito.

"Ndiyo utu uzima huo, baba. Karibu."

Jumatatu uongozi ukamwita ofisini. Mwenyekiti alimpa mkono, akamwonyesha kombe, akamruhusu aliguse. Kisha akamtazama kuanzia mvi mpaka magoti.

"Tuambiane ukweli kama watu wazima," akasema. "Umetufanyia jambo kubwa, lakini umeshazeeka. Klabu yetu inajenga vijana."

"Jumamosi asubuhi nilikuwa mdogo."

"Ndiyo raga ilivyo. Mchezo wa kasi."

Wakampa saa ya ukutani. Haikuwa na betri. Kesho aliitundika juu ya cherehani ya mama yake, naye akajifunza kushona vifungo, kazi aliyoifanya vizuri mpaka macho nayo yalipoanza kumsumbua, kama ya mtu yeyote wa rika lake. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka ule alikaa kwenye kiti kilichopangwa na mwingine, akasikia kwamba tatizo la klabu ni moja, haina namba kumi wa nyumbani. Watu wakapiga makofi. Naye akapiga, kwa mazoea.

Sasa wanaotungiwa uzi ni wawili, mama na mwana, na anayewatungia ni mtoto wa yule mdogo wake Kesho. Mtoto huyo ana mguu mzuri. Kocha alimwona akipiga kopo barabarani, kopo likapita katikati ya nguzo mbili za umeme, akaja mwenyewe mpaka mlangoni mwa fundi.

"Mama Kesho, huyu mjukuu wako ni hazina."

"Hazina ninayo tayari. Ile pale, inashona kifungo."

"Kesho tumeshamtumia," kocha akasema bila kinyongo. "Huyu tutamwita Keshokutwa."

Baba wa mtoto alifurahi sana, akakubali kabla mama yake hajamaliza kutoa pini mdomoni. Wiki hiyohiyo mtoto alirudi anachechemea.

"Malengelenge hayo ya nini?"

"Napata uzoefu, bibi."

Mama Kesho alichukua chaki ya kushonea na kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi, akakining'iniza mlangoni. Wateja hukisoma, hucheka kidogo, kisha huuliza sketi yao imefikia wapi. Kimeandikwa hivi:

YA KUEPUKA

Mtoto asipewe jina la siku ambayo haijafika.

Asilainishe viatu vya mtu mwingine.

Usimwamini anayekuambia bado mdogo bila kumuuliza mpaka lini.

Usikubali kuambiwa benchi ni shule. Shule ina kumaliza.

Usipige makofi mkutanoni kwa sababu jirani amepiga.

Usipokee saa isiyo na betri.

Usiache kitambaa cha akiba kwenye suruali ya mtoto wa klabu. Ya mjukuu wangu nimeacha.