Hatua Arobaini kutoka Mlango wa Navalayo

Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, saa nne na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, na mabati ya ofisi ya jiolojia mjini Kakamega yalikuwa yakifuka mvuke. Awinja aliketi mbele ya kompyuta. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu shemeji yake, Makhanu, azikwe.

Tangu Januari alikuwa na kazi moja: kuhamishia ramani za karatasi na madaftari ya wapimaji katika kompyuta, kwa kufuata muundo sanifu wa data uliotoka makao makuu. Muundo huo ulikuwa na jedwali la miamba, jedwali la mipaka na jedwali la vituo vya upimaji. Kila kituo kilihitaji namba mbili za kuonyesha mahali kilipo. Bila namba hizo, mashine iliukataa mstari mzima. Awinja aliupenda muundo huo. Kabla yake, mwamba mmoja ulikuwa na majina manne katika ramani nne.

Ugumu ulitoka katika madaftari ya Mzee Wanzala, mpimaji aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Mashimo ya zamani ya dhahabu hakuyaandika kwa namba. Aliyaandika kwa jina la boma na kwa hatua zake mwenyewe: "Njia ya Mukumu, kwa Navalayo, hatua arobaini kutoka mlangoni, upande wa mto. Limefunikwa kwa magogo na udongo." Mashimo kumi na saba yaliandikwa hivyo. Mwezi Machi alimwomba Awinja wayazungukie pamoja ili wapate namba. Awinja alimjibu kwamba wakaguzi wangefika Ijumaa, na majedwali lazima yawe kamili.

"Kompyuta yako haina miguu, binti yangu," mzee alisema. "Mimi ninayo, ingawa inauma."

Walicheka wote wawili. Kisha Awinja akayaingiza mashimo yote katika safu ya maelezo, ambako mashine ilipokea chochote. Safu hiyo haikuchapwa kwenye ramani. Wakaguzi walimsifu kwa unadhifu.

Mwezi Mei dada yake, Roda, mke wa Makhanu, aliyeishi njia ya Mukumu, alimwomba amwangalizie kama ardhi ya nyumbani kwake ingefaa kisima. Awinja alimchapia ramani. Boma lilionekana safi: mwamba wa aina moja, bila alama yoyote. Makhanu alimtania, akamwita daktari wa mawe, akaibandika ramani ukutani jikoni. Alichimba siku tatu. Siku ya nne ardhi ilifunguka chini yake.

Asubuhi hii Awinja aliifungua safu ya maelezo, akatafuta neno Mukumu. Alipolisoma jina la Navalayo, alimwita Mzee Wanzala, akamuuliza huyo alikuwa nani. Mzee alivua kofia. Alieleza kwamba ni mjane aliyeuza shamba lake miaka minane iliyopita, akarudi kwao Kabras. Aliyelinunua ndiye Makhanu. Mzee alipatambua mahali pale siku ya mazishi, lakini akakosa namna ya kumwambia.

Saa tano Roda aliingia na ramani mkononi, imekunjwa, ina masizi. Hakuja kulaumu. Mama mkwe wake alikuwa akiwaambia waombolezaji kwamba Makhanu alichimba ovyo, bila kuuliza mtu.

"Nataka nimwambie kwamba hata serikali haikujua," Roda alisema. "Hamkujua, sivyo?"

Mzee Wanzala aliangalia sakafu. Neno moja lingetosha.

"Tulijua, dada," Awinja alisema. "Niliandika mwenyewe. Niliandika mahali pasiposomwa."

Roda aliomba aonyeshwe. Awinja aligeuza skrini. Roda alisoma polepole, kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Mlangoni," alisema. "Mlango wangu huo."

Aliiweka ramani juu ya meza, akatoka.

Mzee Wanzala aliyazungukia mashimo yote kumi na saba kwa miguu, akamaliza baada ya siku tisa. Awinja aliongeza jedwali la mashimo katika muundo bila idhini, akachapa ramani mpya, akapewa barua ya onyo. Roda alimweleza mama mkwe wake ukweli. Krismasi ilipofika, alimtumia mdogo wake ndizi kupitia kwa jirani. Yeye mwenyewe hakuja.