Zulia la Zamu

Zulia lilikuwa la marehemu mama yao: jekundu, duara la buluu katikati, maua yamejazana hadi ukingoni. Aliusia lisikatwe wala lisiuzwe, basi mabinti wake wawili wakakubaliana kulitumia kwa zamu. Mwaka huu lilale kwa Kaukabu, mwaka ujao kwa Nusrati, na makabidhiano yawe siku ya Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, mdogo anapokwenda kumwamkia mkubwa. Kwa watu wa Kashani, mji wa wafuma mazulia, hilo halikuwa jambo la ajabu.

Kilichochosha ni hotuba. Kila makabidhiano Kaukabu alimkalisha mdogo wake mbele ya samawari ya chai, akamsomea masharti kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga.

"Lisiwekewe kabati juu. Lizungushwe kila mwaka, jua lisile upande mmoja. Mashine ya kufyonza vumbi ifuate manyoya yanakolalia, na isiguse matamvua. Kabla ya joto, majani ya tumbaku chini yake, nondo wasije. Umenisikia, Nusrati?"

"Nimekusikia, dada."

"Maana mkono wako huo naujua."

Nusrati alikuwa wa mkono wa kushoto. Utotoni, walipokuwa wakifuma, mama yao alimchapa vidole ili autumie wa kulia. Mama alipochoka, Kaukabu aliipokea kazi hiyo kwa ulimi, na hakuiacha hata walipoota mvi wote wawili.

Sasa mwaka mmoja, zamu ikiwa ya Kaukabu, bomba lilivuja ukutani. Akaliburura kabati la vyombo mpaka juu ya pembe ya zulia, kwa muda tu, alijiambia. Bomba likatengenezwa, kabati likabaki. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na kumwomba mtu msaada ni jambo ambalo Kaukabu hakulizoea. Joto likaja, likapita. Majani ya tumbaku yalienea chini ya zulia lote isipokuwa pale kabati lilipokalia.

Nairuzi ilipokaribia, na mji mzima ukifua na kuanika, jirani yake Feride alikuja na mumewe kumsaidia usafi. Wakalisogeza kabati. Chini yake palikuwa na tundu lenye upana wa kisahani, manyoya yameliwa mpaka nyuzi nyeupe za chini zinaonekana.

Feride akaguna. "Bibi, hapa nondo wamekula harusi."

"Kagune kwako," alisema Kaukabu. "Nichukulieni zulia, mlipeleke juu ya paa. Kifudifudi."

Alikuwa ameshaamua. Angeliziba mwenyewe kabla Nusrati hajafika, na hakuna ambaye angejua. Sindano alikuwa nayo, na sufu nyekundu alikuwa nayo. Kilichomtisha hasa ni uso wa Nusrati siku ya makabidhiano, mdogo mtu akigundua kwamba mwenye masharti ndiye aliyeyavunja.

Tangu mama yao afe, kufua zulia ilikuwa kazi ya waoshaji wa mjini. Walilichukua likiwa limekunjwa, wakalirudisha limekunjwa, likatandazwa uso juu. Hata majani ya tumbaku Kaukabu aliyasukumia kwa fimbo chini ya kingo, kwa hiyo hakuwa ameuona mgongo wake kwa miaka mingi. Feride na mumewe walipoteremka, alipanda ngazi kwa kujikongoja mpaka kwenye tundu, akainamisha kichwa apate pa kuanzia.

Akaona kiraka. Si pale penye tundu, bali mbali na pembe, karibu na duara la buluu. Kilikuwa cha ukubwa wa kiganja, kimefumwa vizuri mno, rangi imeoana. Akasogea, akaona kingine. Kisha kingine tena karibu na matamvua. Kwa juu visingeonekana hata kwa miwani mbili. Lakini mishono ya nyuma ilikuwa imelala upande usio wa kawaida, kama inavyolala ya mtu anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto.

Kaukabu aliketi palepale. Akaukumbuka mwaka ambao zulia lilichelewa kuja, Nusrati akadai waoshaji walikuwa na kazi nyingi. Akakumbuka alivyofika na macho mekundu, akasingizia vitunguu. Yeye akamjibu kwa kumsomea masharti yote tangu mwanzo. Basi mdogo wake alikuwa akimwogopa, na alikuwa akimwogopa kwa miaka hiyo yote. Jambo hilo lilimuuma Kaukabu kuliko magoti.

Aliirudisha sindano kwenye kasha.

Siku ya Nairuzi Nusrati alikuja na halua, amevaa koti jipya. Kaukabu alimkalisha karibu kabisa na tundu. Nusrati aliliona kabla hata hajavuta mto. Aliisukuma sahani ya halua taratibu, huku akiuliza habari za magoti, mpaka ikalifunika.

Kaukabu akairudisha sahani mahali pake.

"Usifunike. Nondo hao. Niliweka kabati juu."

"Yanatokea, dada."

"Kwako yangetokea ningekupigia kelele mpaka kesho. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Masharti. Leo zamu yako."

Nusrati alicheka kwa aibu, akaanza kwa sauti ndogo. Kabati lisiwekwe juu. Lizungushwe. Alipofika kwenye majani ya tumbaku sauti ilikuwa imepanda, na kidole kilikuwa hewani. Akaongeza na masharti ambayo hayakuwahi kuwepo, mengine ya kuhusu watu wanaojifanya wana nguvu za kuburura makabati peke yao uzeeni.

"Umenisikia, Kaukabu?"

"Nimekusikia, dada," alisema mkubwa.

Nusrati akaitazama pembe ya zulia, kisha akamtazama dada yake. "Umeuona mgongo wa zulia."

"Nimeuona."

"Kile kiraka kikubwa ni kaa la moto lililodondoka kwenye samawari. Nililia."

"Najua. Vitunguu."

Nusrati alifungua mkoba wake, akatoa kikasha kidogo. Ndani mlikuwa na sindano, na sufu nyekundu na ya buluu. Kikasha kilikuwa kimechakaa kwa kubebwa.

"Kila Nairuzi nakuja nacho," alisema. "Usije ukaona kasoro kabla sijaiziba."

Wakaikunja pembe ya zulia, mgongo juu. Kaukabu aliishika kwa mikono miwili ili ikazike. Nusrati akatia uzi, akaichukua sindano kwa mkono wa kulia, kama alivyofanya siku zote mbele ya dada yake.

"Badilisha mkono," alisema Kaukabu.