Mamumunye ya Ukutani Kihesa

Mama mkwe wangu, Bi Helena, alikuwa akiotesha mamumunye ukutani. Siyo bustanini kama watu wengine. Ukutani, upande wa jua la asubuhi, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga marehemu mumewe pale Kihesa, Iringa. Mvua za kwanza zikinyesha anafukia mbegu chini ya ukuta, kisha anafunga kamba za katani hadi kwenye misumari ambayo mzee aliipigilia chini ya bati. Ikifika Pasaka ukuta huuoni tena. Ni majani matupu, na mamumunye yananing'inia hadi dirishani kwetu. Nilikuwa nikilalamika kwamba chumba kina giza na mijusi wanaingia. Leo nalitamani giza lile la kijani kuliko taa zote za mjini.

Alikuwa na mwiko mmoja: mumunye changa halionyeshwi kwa kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole. Mume wangu Marcelino, msoma masomo kanisani, alimcheka mama yake kwa hilo tangu utotoni. Mimi Mnyakyusa, na kwetu maboga tunayaheshimu vilevile, kwa hiyo nilikunja changu.

Mwaka sabini na sita Marcelino akapata kazi kwenye reli mpya, Mbeya. Nilifurahi kupita kiasi: narudi kwetu, nyumba mtaa wa Soweto, mama yangu mzazi jirani. Lakini Marcelino ndiye mtoto pekee aliyebaki, asingemwacha mama yake. Mama wa watu hakubisha. Alisema atakuja, ila haendi ugenini mikono mitupu. Mamumunye yakikomaa atayaangua, yawe vibuyu vya kwenda navyo. Tukaona ni haki. Lori likapangwa la Juni.

Asubuhi moja ya ukungu, tukiwa bado tumejifunika, tulimwona dirishani. Alisimama na kanga mabegani, akionyesha mumunye moja baada ya jingine, kidole kimenyooka. Hakubakiza hata moja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mzee, akakaa pale.

Nilitegemea Marcelino acheke. Alivuta blanketi hadi kidevuni, akanigeuzia mgongo. Nilimwonea huruma yeye, nikamwonea huruma mama yake, na kusema kweli nikajionea huruma mwenyewe, maana Soweto yangu niliiona inayumba.

Mamumunye hayakuoza. Wanasema mumunye huharibikia ukubwani, lakini haya yaliigomea hata methali. Mvua ikakatika, majani yakanyauka, maganda yakawa magumu. Bi Helena akawa anayapita bila kuyatazama. Alifunga mizigo yake kidogo kidogo, chakula akawa anakigusa tu, akakonda tukimwona.

Siku ya lori majirani walijaa uani. Mama alitoka na kifurushi chake, akasimama karibu na ukuta. Marcelino akaliendea mumunye lililo kubwa kuliko yote, akaligonga kwa kidole. Likalia ko, ko, kavu kabisa. Hata dereva alisikia. Akaligonga tena, akatega sikio.

"Bado bichi hili," akasema. "Mama, sisi tutatangulia."

Mwanaume yule sikuwahi kumsikia akisema uongo. Mama akakitua kifurushi chini.

"Basi mwakani, mwanangu."

Regina, jirani yetu, alikubali kuwa analala naye. Tukapanda lori, tukaondoka.

Kila Juni alipanda basi kwenda Iringa kumchukua mama yake, na kila Juni alirudi Soweto peke yake. Akishanawa mikono alikuwa akiniambia, bila kunitazama, kwamba bado hayajaiva. Nami nampakulia, namwambia labda mwakani. Hivyo hivyo, mpaka tulipokwenda wote kumzika.