Ukurasa Uliokosekana

Nilipofika kwenye neno "lakini", kitabu kiliisha.

Nilikuwa nimekinunua asubuhi kwa Idrisa, anayetandaza vitabu chakavu juu ya turubai pale Mtendeni. Kilieleza imani za ajabu za njia ya zamani ya misafara: fisi wanaopandwa kama punda, mvua inayofungwa chunguni. Kwa kuwa kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka, aliniachia kwa bei ya vitumbua viwili. Nikajiona mjanja. Mimi bila watu uani hata chai hainishuki. Alasiri hiyo nikawasomea majirani, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kisha nikasoma: "Mchawi hutambulika kwa macho yake mekundu, lakini..."

Kicheko kikakatika. Wote waligeukia jikoni, alikokuwa mama mkwe wangu, Bibi Apolinaria, akipuliza kuni. Miaka arobaini ya kukaanga mihogo imemwachia macho kama makaa. Jirani yetu Agnetha, aliyezika mwanawe mwezi uliopita, hakumwondolea macho yake.

"Lakini nini, mama Kornel?" akaniuliza.

"Kimeishia hapo."

"Basi kimeshasema."

Wakaondoka mmoja mmoja, chai ikipoa vikombeni.

Kulipokucha nilimkimbilia Idrisa. Akapekua magunia yote, akajifuta vumbi.

"Dada yangu, kilinifikia hivyo hivyo. Ulitaka rahisi, nikakupa rahisi."

Niliporudi, Bibi alikuwa mlangoni, amenyoosha kipande cha muhogo. Agnetha alikuwa akimvuta bintiye mkono, wanavuka kwenda ng'ambo ya njia.

"Mtoto hana njaa leo," Bibi aliniambia, kisha akapikicha macho. "Mwanangu, kile kitabu kimesema dawa yake ni nini?"

Nikaupokea ule muhogo, nikaula palepale mlangoni.

Alasiri nikawaita tena. Walikuja wengi kuliko jana, na hakuna aliyegusa chai. Nikamketisha Bibi ubavuni mwangu.

"Ukurasa uliokosekana nimeupata," nikasema.

Nikafungua kitabu mwishoni, nikakiinua usawa wa uso, nikalikodolea macho jalada tupu.

"...lakini macho hayo ni ya moshi," nikasoma. "Ni ya mwanamke aliyewapikia watoto wake na wa wenzake. Waliomuua walikuja kulijua hilo wakati keshazikwa."

Nikakifunga kitabu, nikakikumbatia kifuani.

Agnetha akainuka, akavuka ua polepole, akanyoosha mkono.

"Hebu nione."