Ruta ya Digrii Sabini

Jerono, fundi wa intaneti, alitoa mkono darini akiwa ameshika ruta ya Wi-Fi iliyokufa. Plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na kona moja imelegea kama mshumaa.

"Hii ni ya ngapi?" aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Ya tatu," Gladwell alijibu. Yeye ndiye aliyemtunza mama mwenye nyumba. "Ikifika saa sita hivi, picha inapoteanga. Halafu Manjit ananipigia simu, ati mimi ndio nimezima."

Manjit alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kitale. Mama yake, Gurcharan, alikataa katakata kuhama Bungoma. Alibaki kwenye chumba cha juu cha nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, chini ya mabati. Alipoanguka mwaka jana, mwanawe alimwekea kamera ukutani, awe anamwona kutoka dukani.

Jerono alining'iniza kipimajoto kwenye boriti. Ilikuwa saa nne asubuhi, Februari, na tayari kilisoma digrii arobaini na nane. Akampigia Manjit.

"Tuiweke chini kwa korido, kuna hewa. Hata ruta ya kawaida itakaa miaka."

"Hapana. Mama anavuta waya. Amevuta mara mbili. Weka huko juu, mahali hafiki."

"Basi ni hii ya chuma. Haina feni, joto linatokea mgongoni. Inavumilia digrii sabini."

"Weka hiyo. Na dirisha likae limefungwa, vumbi ya barabara inachafua kamera."

Jerono alishuka kuchukua drili. Mama Gurcharan alikuwa macho, amelala chali, akitazama mbao za dari. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimegandamana kwenye paji la uso.

"Joto, beti," alisema, akimwita binti kwa Kipunjabi. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Ndiyo, mama, huko juu ni moto kweli. Lakini nimeleta yenye inavumilia."

Bibi kizee alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kurudia neno kisha akaona hakuna haja. Akageuza uso ukutani.

Jerono akarudi darini. Alifunga kibao cha chuma mbali na mabati, akavuta waya, jasho likimdondoka hadi kwenye vidole. Chini yake alisikia bangili ya mama ikigonga chuma cha kitanda. Ng'ong'o. Ng'ong'o. Akafikiri mama anajigeuza. Baadaye bangili ikanyamaza, na Jerono akashukuru kwamba angalau mama amepata usingizi.

Saa saba kamili kipimajoto kilisoma sitini na moja. Taa zote nne za ruta zilikuwa kijani. Simu ikalia.

"Safi kabisa!" Manjit alikuwa akicheka. "Fundi, wewe ni fundi. Namwona mama. Amelala vizuri."

Jerono alichungulia kutoka juu ya ngazi. Mama alikuwa amefungua kinywa. Nzi alitembea juu ya mdomo wake, akazunguka, akarudi. Hakuna mkono uliomfukuza.

Alishuka haraka, simu ikiwa bado mkononi. Akagusa paji la uso wa mama. Lilikuwa la moto, tena kavu. Hapakuwa na tone la jasho.

"Mama? Mama Gurcharan?"

"Usimwamshe," Manjit alisema simuni.

"Huyu hajalala, Manjit."

Tangu asubuhi Jerono alikuwa amepima joto la dari tu. Hakukishusha kipimajoto chumbani hata mara moja.

"Gladwell!" alipiga kelele. "Leta maji! Leta leso!"

Walifungua dirisha, vumbi likaingia. Wakamfunika mama kwa leso zilizolowa, wakamteremsha ngazini kwa shuka, Jerono kichwani, Gladwell miguuni. Osman, jirani mwenye duka la nguo, aliacha wateja wamesimama akaleta gari.

Hospitalini daktari aliwauliza mama alikuwa katika hali hiyo tangu saa ngapi. Jerono akakumbuka ile bangili iliyogonga chuma cha kitanda, kisha ikanyamaza.

"Figo zimeumia," daktari alisema. "Mngemleta mapema kidogo..." Hakumalizia. Akarudi ndani.

Manjit alifika kutoka Kitale saa kumi na moja, shati lake bado lina unga wa saruji. Alisimama mlangoni mwa wodi, asiingie.

"Nilikuwa nikimwangalia," alimwambia Jerono. "Simu ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nikimwangalia."

 Jerono akasogea ampishe.

Manjit alikwenda hadi kitandani. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa na sindano ya maji, akaogopa kuugusa. Akazunguka upande wa pili, akaushika wa kulia. Macho ya mama yalikuwa yamefumbwa. Mwanawe akainama karibu na uso wake, kisha karibu zaidi, akazuia pumzi yake mwenyewe, akasikiliza kama anapumua.